Kengele ya Watasema

Vital, mume wangu, ana ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kumwacha mtu barabarani. Ni dereva wa lori, analeta mihogo na maharagwe kutoka kusini, Gety na Aveba, na kila safari ananiletea pia mgeni juu ya magunia. Nimeshapokea masista. Nimeshapokea mchimbaji dhahabu mwenye homa, na mama mmoja na kuku wake. Lakini Jumamosi ile, mwaka uliofuata vita vikubwa vya mjini, alizidi. Alimshusha mzee mrefu, mkavu, mwenye koti la suti na bote za mpira, na nyuma ya mzee akashuka mbwa.

"Mama Orly, tuko na wageni," akasema.

"Wageni ngapi?"

"Wawili. Leo na kesho yenga. Lundi asubui ninarudi nao."

"Na hii imbwa italala wapi?"

"Weye utaona."

Kisha akaingia chini ya lori, maana resori moja, ile springi ya kubeba mzigo, ilikuwa imevunjika njiani, na mpaka Jumapili jioni sikumwona tena ila miguu.

Lazima niseme jambo kuhusu mbwa. Vita vilipopiga Bunia tulikimbia, maiti zikabaki barabarani, na mbwa wakabaki nazo. Tuliporudi tulijua walikuwa wameishi kwa kula nini. Tangu hapo mtu wa Bunia akiona mbwa anageuza uso, na mbwa wenyewe walikuwa wamebaki wachache mno. Mimi pia niliwachukia, na sioni haya kusema hivyo.

Huyu hakuwa wa mjini. Alikuwa mbwa wa msituni, mdogo, rangi ya udongo mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja. Wa namna hiyo hawabweki, ndiyo maana wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua mbwa yuko wapi kwenye majani. Yake ilikuwa kubwa kama ngumi, imechongwa vizuri, nyeusi kwa moshi na mikono. Lakini haikulia, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limejazwa nyasi kavu.

"Jina yake ni Watasema," mzee akaniambia.

"Nani watasema?"

"Majirani."

Nilicheka, na hilo lilikuwa kosa, maana ukishacheka na mgeni huwezi tena kumnunia. Nikamwekea chai.

Aliitwa Hubert. Alizaliwa Aveba, akalimia Aveba, akawinda katika msitu ulio chini ya Aveba, na tangu azaliwe hakuwa amefika Bunia. Mji mkubwa kwake ulikuwa Gety siku ya soko. Mungu hakuwapa watoto, yeye na mke wake Godelive, wakalea mbwa, huyu akiwa wa mwisho katika ukoo mrefu. Siku watu wenye bunduki walipoingia kwao, Hubert alikuwa msituni. Aliporudi alikuta nyumba imekuwa majivu na Godelive hayupo. Tangu siku hiyo mwaka ulikuwa umepita na zaidi. Sasa mwanamke mmoja mchuuzi alikuwa amemwambia kwamba alimwona Godelive Bunia, sokoni, akinunua chumvi.

"Ni vile ninakuja kumutafuta," akasema. "Lori inarudi lundi. Muhogo iko tayari kuvunwa, nikikawia wenye bunduki watavuna mbele yangu."

"Papa, Bunia ni kubwa."

"Nitauliza. Kuuliza si ujinga."

Basi tukatoka. Mimi ni mtoto wa Bunia, na mgeni akifika naona ni wajibu wangu mji umshangaze. Nikampitisha Boulevard, nikamwonyesha maduka yenye kuta za kioo, wauza simu, pikipiki zikipita kama siafu. Nikamwonyesha magari meupe ya MONUC, askari wa Umoja wa Mataifa, na helikopta ikiteremka uwanjani. Hubert alitembea katikati ya barabara, akimsalimia kila mtu aliyekutana naye, na pikipiki zikimpigia honi alizisalimia pia. Helikopta aliitazama mpaka ikatua. Akasema yule anayeiendesha lazima awe na mke mvumilivu.

Watasema alitembea kando ya mguu wake, kamba imelegea, akinusa kila kitu bila haraka. Mbele yetu watu walihama upande wa barabara. Mama mmoja mwenye beseni la ndizi alitema mate chini. Mzee aliona, akaniuliza, nikamweleza habari za mbwa wa Bunia. Tulipofika sokoni akainama, akamshika mbwa wake kichwa. "Huyu hakukuwa huku," akamwambia yule mama wa ndizi, ambaye tulikuwa tumeshamwacha mbali. Nilimhurumia mzee, na nikakasirika kwamba namhurumia, maana mguu ulikuwa unaniuma na mchana ulikuwa bado mrefu.

Pale sokoni ndipo alipoanza kuuliza. Aliwaendea wauza chumvi, mmoja mmoja, akavua kofia. "Munamujua Godelive? Mwanamuke wa Aveba, mufupi, iko na pengo hapa mbele. Ni bibi yangu."

"Hatumujue."

"Godelive wa Aveba?"

"Papa, siye hatujue mutu wa vile."

Mmoja alimjibu kwa kuuliza: "Weye nani amekutuma?" Mwingine alianza kufunga mifuko yake. Kwenye maji, kwenye makaa, kwa wauza samaki wa Tchomia, jibu lilikuwa hilo hilo, na kila alipotaja jina na kijiji, nyuso zilifungwa kama milango. Nilimvuta kando, nikamsemesha kwa ukali, na nilikuwa na haki.

"Papa Hubert, unatuua! Huku mutu haulizake mutu na jina na kijiji. Wakati ya vita waliokuja na jina walikuwa wanatafuta mutu wa kuchinja. Hata wanaomujua watasema hapana. Hata yeye mwenyewe angesema hapana!"

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa maji hayalowanishi. Kwao ukimtafuta mtu unataja jina lake, jina la baba yake na kilima chake, na ukifika mlangoni unaanza upya. "Sasa nitamutafuta na nini?" akaniuliza. Nikamwambia twende nyumbani tukale.

Jioni, tukiwa uani tunachambua maharagwe, macho yangu yalikuwa kwenye ile kengele. Nikamwuliza kwa nini nyasi haitoki. Akanieleza taratibu, mikono yake ikiendelea kuchambua vizuri kuliko yangu.

Njiani kengele hufungwa kwa nyasi, ili mnyama asisikie unakuja. Msituni, mbwa akiachwa, nyasi hutolewa. Mwindo ukiisha hurudishwa. Lakini kuna jambo moja zaidi, la nyumba yake na la baba yake kabla yake. Mwindaji akirudi na nyama, huitoa nyasi penye mgomba wa kwanza wa kijiji, mbwa akatangulia akilia, na mwindaji akafuata nyuma na mzigo. Mke akisikia, anaweka maji motoni. Akirudi mikono mitupu, kengele inabaki imefungwa, naye anaingia kimya kwa nyuma ya nyumba.

"Godelive anajua kengele hii?"

"Niliichonga mwaka nilimuoa. Hakuna ingine inalia vile. Anaijua kuliko sauti yangu."

Nikaweka ungo chini. "Papa! Tumezunguka Bunia nzima na kengele iko na nyasi mu tumbo?"

"Sina nyama," akasema.

"Nini?"

"Sina nyama, mama. Nikiilizisha na mikono mitupu, ni kumudanganya. Ataweka maji ya bure. Toka nimuoe sijamudanganya na kengele."

Nilitamani kumpiga kwa ungo. Mke amepotea, lori linaondoka Jumatatu, na mzee anaogopa kumharibia maji. Lakini alisema kwa utulivu kabisa, na nikaona kwamba hilo ndilo aliloponea mwaka ule wote: kila kitu kimeungua, kengele imebaki inasema kweli. Ugomvi ukaniisha. Kutoka chini ya lori Vital akaniambia nimwache mzee wa watu alale.

Asubuhi sikwenda misa. Mungu anajua nilikuwa wapi. Nilikwenda kwa Stéphane, mchinjaji, nikarudi na mguu wa mbuzi umefungwa kwa jani la mgomba, nikauweka mbele ya Hubert.

"Nyama hii."

Akaifungua, akaiangalia, akainusa. "Nani aliwinda?"

"Mimi. Sokoni. Stéphane ni mukali kuliko nyati, na nimetoka muzima."

Akaifunga tena kwa jani lake, nikadhani amekataa. Kisha uso wake wote ukacheka, meno yake machache yakaonekana. "Imekufa," akasema. "Iko nyama." Akapiga goti mbele ya Watasema, akaanza kuvuta nyasi kwa kidole, kidogo kidogo. Ilikuwa imekaa humo tangu vita, imekuwa vumbi. Mbwa alisimama wima akitetemeka, maana alijua. Alipotikisa shingo mara ya kwanza, vijiti vya mfupa vikagonga mti, na sauti ikatoka nzito, ya chini, ko-lo-ko, ko-lo-ko. Miguu ya Vital ikaacha kusogea chini ya lori.

Desturi ni desturi: mbwa mbele, mwindaji nyuma. Kwa sababu ya pikipiki mimi ndiye niliyeshika kamba, na Hubert akafuata mbali na mguu wa mbuzi begani, kofia imenyooshwa. Tukashuka kutoka kwetu Nyakasanza, tukapita mtaa wa Lumumba wakati watu wanatoka kanisani. Sijawahi kuona jambo kama lile. Kengele haikutaja jina la mtu wala kijiji cha mtu, na watu walisimama tu milangoni wakaisikiliza. Wazee wengine walitabasamu, wakasema hiyo ni sauti ya kule msituni, hawajaisikia tangu siku nyingi. Watoto walitufuata, wakaimba ko-lo-ko, ko-lo-ko. Hakuna aliyetema mate. Mimi niliyechukia mbwa nilitembea kifua mbele kana kwamba nimemzaa.

Tukavuka daraja, tukazunguka Saio, hakuna kitu. Jua likawa kali. Nikageuka, nikaona bote za Hubert zimeanza kumchosha. Alikuwa nyuma sana, akibadilisha bega. Nikampungia mkono apumzike, akakataa. Tukaingia Kindia, kwenye vijia vya nyumba za udongo zenye paa la maturubai, na nilikuwa nimeshaanza kuandaa maneno ya kumfariji mzee wa watu.

Watasema akasimama. Kisha akavuta kamba ikanikatikia mkononi, akakimbia na kengele yake ikiruka, akapinda kona. Nami nikakimbia, nimekamata kitenge changu.

Nilimkuta ameshikwa. Mwanamke mfupi, amefunga kitambaa cheusi kichwani, alikuwa amepiga magoti vumbini, mkono mmoja umekamata kengele isilie, mwingine unapapasa masikio ya mbwa. Watasema alikuwa anamlamba mkono. Mwanamke aliinua uso akaniona mimi na kipande cha kamba, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtu nisiyemjua.

"Hii kengele ulitoa wapi?"

"Mama, sikia..."

"Ni ya bwana yangu. Aliichonga na mukono yake. Nilishakalia matanga yake, nilishamulia, nimemaliza." Sauti yake haikupanda. Nikaliona lile pengo la meno ya mbele. "Sikuulize nani alimuua. Sitaki kujua. Niambie tu mulimuzika wapi."

Mimi ni mwanamke wa maneno, Vital atawaambia. Lakini maneno yote yalinikimbia. Machozi yakanitoka, naye alipoyaona machozi yangu aliyaelewa vingine, akainamisha kichwa juu ya mgongo wa mbwa. "Mulimuzika wapi?" akauliza tena, polepole.

Nikanyoosha mkono tu, kuonyesha kona.

Hubert alikuwa anakuja taratibu kama desturi inavyotaka, nyuma ya mbwa wake, akichechemea kidogo, na mzigo begani. Alipotuona alisimama. Akavua kofia.

Godelive alisimama. Alimtazama kuanzia bote mpaka kichwani, mara moja, kisha tena. Nilidhani atapiga kelele, au ataanguka. Alikwenda mpaka alipo, akaushusha mguu wa mbuzi begani mwake, akaukumbatia pamoja na majani yake, damu ikamchafua nguo.

"Umekawia," akamwambia.

"Nyama ilikuwa mbali," akasema Hubert.

Mwanamke akageuka, akatangulia kuingia ndani, mbwa akamfuata, mzee akamfuata mbwa. Mlangoni nami nikainama nichungulie, kwa sababu sina adabu. Baadaye Godelive aliniambia kwamba aliposikia ile sauti ikitoka mbali, mkono ulitenda kabla ya kichwa kukumbuka kwamba yeye ni mjane. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, na maji yalikuwa yanachemka.