Tasa Kwanza, Mwalimu

Mume wangu Elijah alikuwa mkali, msinidanganye eti mnamkumbuka akicheka. Miaka ile ya hamsini, katika shule ya bweni kule milimani, yeye ndiye alikuwa mwalimu wa nidhamu. Shati halijachomekwa, kiboko. Umechelewa gwaride, utafyeka nyasi. Nyumbani naye alitaka kunipangia saa za kuchota maji. Nikamwambia, "Baba Alice, mimi si fomu wani wako." 

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: anayetoroka shule, ndiyo basi, harudi. Solomon wa Rukanga akatoroka. Alisikia kuwa mamake ni mgonjwa sana, akaondoka bila kumwambia mtu. Aliporudi, hedimasta alimwachia Elijah aamue, na Elijah akamleta kwetu pamoja na sanduku lake.

"Kwa nini hukuomba ruhusa?"

"Ungenikatalia, Mwalimu."

Lo! Moto ukawaka. "Nikimsamehe huyu, kesho nusu ya shule iko Voi! Aende kwao!"

Kijana akainama kushika sanduku. Nikasimama mlangoni. "Haendi popote na hasira zako mgongoni. Njia ya kwao Kasigau ina simba, na wewe ni Mdawida, unajua. Tasa kwanza."

Kwetu Wadawida, kutasa ni hivi: mkubwa akimkasirikia mtoto hujaza maji kinywani, akayapuliza chini na kusema maneno mema, ili hasira itoke moyoni isije ikamdhuru mtoto. Elijah akaguna kwamba yeye ni mzee wa kanisa. Nikampa kikombe.

Akapuliza. "Nenda salama," alisema, uso umekunjamana.

"Hapo umetema mate tu," nikamwambia. "Rudia."

Akajaza kinywa tena, akakaa hivyo mashavu yamefura, mimi nusura nicheke. Akapuliza. "Nenda salama, mwanangu. Msalimie mama..." Akakwama. Hakuna aliyekuwa ameuliza, hata mimi. "Mama yako anaendeleaje?"

"Alinitambua, Mwalimu. Akaniita jina. Halafu jioni akafariki."

Elijah aliweka kikombe chini.  Aliinua lile sanduku, akajitwika kichwani, mwalimu wa nidhamu mzima na tai yake, akalirudisha bwenini mchana kweupe, wavulana wamejaa madirishani. Solomon alimfuata nyuma akilia.

Nilimpenda mume wangu siku ile mpaka nikashindwa kupika.