Mbuzi wa Gia ya Pili

Jirani yangu Njue wa Kanja alilima chai, aliimba besi kanisani, na alikuwa na gari. Gari lenyewe ni lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne, alilinunua kuukuu miaka ya themanini ili matope yasimsumbue. Matope hayakumsumbua. Vilima ndivyo vilivyomsumbua, maana likianza kupanda gia ya pili ilichomoka, gari likanguruma na kurudi nyuma. Mafundi wa Embu walifungua giaboksi, wakaifunga, bolti kadhaa zikabaki mezani, gia ikaendelea kuchomoka.

Dawa ikawa mkewe, Ciakuthii. Alikaa mbele akaishika ile gia kwa mikono miwili mpaka kilima kiishe. Waliishi hivyo miaka, na watoto wakazaliwa, Wanja akiwa wa kwanza. Siku ya harusi ya mdogo wake, Ciakuthii aliishika kutoka Kanja hadi kwao Muthara. Alifika mkono umevimba, gauni limejaa grisi. Njue akashuka, akalipigapiga gari boneti, akasema, "Leo umenifurahisha." Ciakuthii akabaki kwa kaka zake. Mimi ningebaki pia, tena ningemtupia jiwe. Gari lilirudi Kanja likivutwa na lori la viazi.

Njue akakonda. Besi ikapotea kanisani, tukabaki na walimu wanaoimbia puani. Mwishowe akanijia. "Ndwiga, twende ukaniongelee kwa wakwe."

Sasa, kwa wakwe huendi kuomba msamaha bila mbuzi, na gari lile haliendi bila mtu wa gia. Njue akaunganisha hayo mawili. Alimweka mbuzi nyuma na kumfunga kamba iliyofika mpaka kwenye gia. Mimi nikakalishwa huko huko nyuma na mzigo wa majani ya viazi vitamu. Kilima kikija namwonyesha majani, mbuzi anavuta kuja kwangu, gia inatulia. Na ilitulia, sitasema uongo.

Tulikuwa tumefika Chogoria nilipojiuliza kwa nini nisikae mbele niishike mwenyewe. Nikamuuliza. Alikasirika kweli kweli.

"Hapo ni pa mama Wanja," akasema. "Hapakaliwi."

Nikaendelea kulisha mbuzi.

Kule Muthara, Mwongera, kaka mkubwa wa Ciakuthii, aliitazama ile kamba kwa muda. "Kwa hivyo kazi ya dada yetu imechukuliwa na mbuzi?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ciakuthii, aliyesimama mlangoni pa jikoni, hakucheka. Niliona aibu, nikamweleza mambo ya kile kiti cha mbele. Akaenda kukitazama. Kilikuwa na vumbi tupu, hata chupa yetu ya chai ilikuwa sakafuni. Akarudi mlangoni.

Mwongera akatangaza mbuzi achinjwe mara moja, ndiyo desturi. Nilijua Njue atamlilia mbuzi, kwani bila yeye gari halivuki hata kilima cha kwanza. Lakini Njue alifungua kamba mwenyewe, akamkabidhi Mwongera, kisha akatoa funguo.

"Gari pia chukueni, shemeji. Fugieni kuku humo. Mimi nimemfuata mke wangu. Akinikataa nitakwenda kwa miguu."

Ciakuthii akajifuta mikono.

"Na tutarudi na nini, baba Wanja?" akauliza. "Mimi sitembei mpaka Kanja."

Njue alikuwa analia.