Ushuhuda wa Mapumziko

Timu ya vijana ya kanisa letu hapa Nyeri haikuundwa ili ishinde. Iliundwa ili watu wasiokanyaga kanisani waje uwanjani Jumamosi, na wakati wa mapumziko, kabla hawajatawanyika kununua mahindi ya kuchoma, mchezaji mmoja ashike kipaza sauti aeleze alivyookoka. Mimi, mwalimu na mzee wa kanisa, ndimi mlezi wa timu. Niliupenda utaratibu huo kwa sababu naamini kwamba kijana anayesema kweli hadharani hujifunga nayo.

Winga wetu wa kushoto alikuwa na ushuhuda uliozishinda shuhuda za wenzake wote. Alisimulia jinsi chang'aa ilivyomlaza mitaroni, mama yake akamfungia mlango, naye akauza blanketi la nyumbani apate kunywa. Tulipocheza Sagana, watu walilia. Nanyuki, hata wauza mbuzi Waislamu waliosimama nyuma ya goli walitikisa vichwa kwa huruma. Mwashi mmoja, jirani yangu, mlevi niliyekwisha kumkatia tamaa, alimsikia akaacha pombe. Sasa ndiye anayesafiri nasi na kutuchorea mistari ya chokaa.

Kisha tukacheza Karatina. Jumatatu iliyofuata mama wa winga huyo, muuza viazi katika soko la huko, alinijia shuleni.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza. Kijana yangu alikunywa pombe lini?"

Nikamjibu kwamba tunamshukuru Mungu hayo yamepita.

"Yamepita yakitoka wapi? Huyu hata soda ikiwa kali anakohoa! Sasa wateja wananiuliza ati nilifungia mtoto nje. Ati blanketi! Mimi niko na jina hiyo soko, mwalimu. Aende aseme ukweli palepale alisema uongo."

Nilimwita kijana. Hakukana.

"Wenzangu wote wako na stori," alisema. "Mmoja alikuwa mwizi, mwingine alikuwa anavuta bangi. Mimi nililelewa vizuri tu. Sasa nani ataokoka kwa hiyo?"

Nilikuwa na maneno mengi juu ya uongo. Ndiyo kazi yangu. Lakini nilipofungua kinywa nilimkumbuka mwashi, mzima leo kwa ajili ya blanketi ambalo halikuuzwa kamwe. Vitabu nilivyosoma vinakubaliana kwamba uongo hauzai wema. Waandishi wa vitabu hivyo hawakumjua jirani yangu. Nilimwambia tu kijana amtii mama yake.

Katika mechi ya marudiano Karatina, kijana alishika kipaza sauti. "Mimi sijawahi kulewa. Ile ilikuwa uongo. Mama yangu hajawahi kunifungia mlango."

Kisha sauti ikatoka kando ya uwanja: "Amerudi nyuma kwa pombe!"

"Angalieni macho! Hata saa hii amekunywa!"

"Hivyo ndivyo walevi wanakataanga. Mjomba wangu hukataa akiwa kwa mtaro!"

Mhubiri wa kanisa mwenyeji, mtu mwema, alimwekea mkono kichwani akakemea roho ya kukana. "Lakini ni ukweli!" kijana alilia. "Haleluya!" watu wakaitikia. Wanaume wawili walijitokeza huku wakitokwa na machozi, wakaomba waombewe wasije wakaanguka kama yeye.

Nikachukua kipaza sauti mwenyewe, nikathibitisha kila neno. "Mwalimu anafunikia mwanafunzi," mtu alisema, nao wakacheka. Sikujua kama niwazuie wale wawili au nipige magoti pamoja nao. Mwashi akanikaribia, mikono imejaa chokaa.

"Mwalimu, sasa mimi niliacha kwa sababu gani?"

Nilisema nitamjibu baada ya mechi. Sijamjibu mpaka leo, ingawa naye hajarudi kunywa.

Mama wa kijana alikuja akasimama ubavuni pangu. "Sasa ni mlevi na tena mwongo," alisema polepole. "Kesho kutwa nikifungua gunia nitawaambia nini?"

Mwamuzi alipuliza filimbi. Kijana alikimbia hadi upande wake wa kushoto, kichwa chini, na kwa muda mrefu hakuna mwenzake aliyempa mpira. Mama akajifunga leso upya kiunoni, akasogea hadi kwenye mstari, mbele ya wanawake wenzake wa sokoni, akapaza sauti kuwashinda wote:

"Mpatieni mpira! Mpatieni huyo wangu!"

Wanawake waligeuka kumtazama. Sikuweza kuzisoma nyuso zao.