Mbwa Mwitu wa Silanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa koti jeupe, kamba ya kufungia mbwa mdomo, na chupa ndogo zenye dawa ya kuzuia damu isigande. Ilikuwa miaka ya tisini. Daktari Mkuu wa maabara yetu alitaka kujua undugu wa mbwa wa Nairobi na mbwa mwitu, na mimi, msaidizi wake, ndiye niliyetumwa mitaani kutoa damu.

"Tunasoma vinasaba," alinieleza, "alama za ukoo zilizo ndani ya damu. Mbwa wote wametokana na mbwa mwitu. Hata kale kadogo kanakolala kwa sofa ya tajiri."

Kazi niliipenda, lakini ilikuwa ya upweke. Mtu mwenye sindano hakaribishwi chai. Aliyenikaribisha ni Mama Atieno tu, mjane aliyeuza makaa Silanga, kule Kibera, na kuishi na mbwa wake Askari. Nilipovuta damu kwenye mguu wa mbele, aliuliza ni ya nini. Kwa kujiona msomi, nikajibu kwa sauti, "Huyu ni wa ukoo wa mbwa mwitu, mama."

Jirani akasimama mlangoni. "Ati mbwa mwitu? Si ndio wale wa kwa Biblia? Huyo atamaliza watoi wetu wakicheza hapa nje!"

Nilicheka. Kicheko hicho kinaniuma mpaka leo. Mnyama wa Ulaya, yule wa mbuga zetu mwenye mabaka, na yule wa mahubiri, wote tunawaita mbwa mwitu. Ningesema tu kwamba hata mbwa wa pasta ni ukoo huohuo. Badala yake nilifunga chupa zangu nikaondoka.

Wiki mbili baadaye nilimkuta Mama Atieno peke yake.

"Maneno ya jirani yalifikia landilodi, akaniambia nichague, nyumba ama mbwa. Nimempatia soja mmoja huko Gatina," akasema. "Daktari, hii nyumba imenyamaza sana."

Jumapili nne nilizunguka Gatina, Kawangware, nikiuliza kila mlinzi. Nilipompata Askari, yule soja alikubali nimchukue, nikatembea naye hadi Silanga nimweleze landilodi ukweli. Mlango ulifunguliwa na mpangaji mgeni. Mama alishindwa kukaa peke yake, akarudi kwao upande wa ziwa. Hakuna aliyejua kijiji.

Askari nilizeeka naye. Kila mwaka nilimchanja mwenyewe dhidi ya kichaa cha mbwa, na kwenye kadi, mahali pa mwenye mbwa, niliandika: Mama Atieno, Silanga.

Nyinyi vijana mlioko maabara sasa mna mashine za kusoma damu kwa saa chache. Hongereni. Ila mtu akikuuliza umeona nini ndani yake, mjibu polepole, na usiondoke kabla hajaelewa. Mimi nimestaafu, naishi chumba kimoja, na nacho kimenyamaza. Askari alishakufa. Kadi ninayo bado, na mwenye mbwa sijampata.