Jiwe Lililonuka Kiberiti

Mama yangu alikuwa na haraka siku zote. Figa moja lilipovunjika, mtu mwingine angetoka kutafuta jiwe la kufaa. Mama? Thubutu! Alichukua jiwe la baba lililozuia mlango, akaliweka motoni.

Jiwe lile dogo, zito kupita kiasi, baba alilitoa bara, mbali nyuma ya Mbau, kwenye kilima alikozikwa mama yake. Picha ya bibi hakuwa nayo. Alikuwa na jiwe hilo, na wasia aliourudia kila alipopata homa: akifa tumlaze kule, ubavuni mwa mama yake.

Uji haujachemka, jiko likanuka kiberiti, kama boksi zima limewaka. Jiwe likalia pa! likapasuka. Mama akakimbilia ubani huku akisoma Ayatul Kursiy.

Mgeni wetu alitoka chumbani mbio, lakini si kwa woga. Alikuwa mtaalamu wa mawe, mpangaji wetu miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini na mji wetu wa Palma ukajaa wageni. Akaokota kipande kwa koleo. Ndani kiling'aa njano. Alifurahi mpaka nikamchukia.

Alieleza kwa Kireno, nami nikamtafsiria baba. Zamani mno, kabla jani halijaota nchi kavu, jiwe lile lilizaliwa chini ya bahari, penye volkeno. Maji ya chumvi yalipenya kwenye nyufa, yakashuka hadi karibu na moto, yakayeyusha shaba na zinki zilizotawanyika miambani. Kisha yakapanda. Yalipokutana na maji baridi yakashindwa kubeba mzigo, yakautua papo hapo pamoja na kiberiti, tabaka juu ya tabaka, kama ukoko ndani ya birika letu. Baadaye bahari ikaondoka, na lundo likabaki bara, limefukiwa.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Jamaa zetu wa Afungi walikuwa wameshaambiwa watahama kupisha mtambo wa gesi, wao na makaburi yao.

"Muulize, mwanangu, lundo hilo mtu hulijuaje?"

Mgeni akajibu kwa raha kwamba juu yake udongo huwa mwekundu kama kutu, na mazao hayashiki. Wanaotafuta madini huanzia hapo.

Kilima kile nilikijua. Tulipokwenda kumsomea bibi dua, kanzu ya baba ilirudi na wekundu pindoni, na sabuni haikuutoa. Nikatafsiri yote, maana baba alikuwa akinitazama mdomo.

Mgeni akauliza jiwe limetoka wapi.

Sikuwahi kumsikia baba akimdanganya mtu aliyekula kwake. "Mwambie niliokota pwani, maji yakitoka."

Mgeni alicheka tu. Akakifunga kipande kwenye leso, akarudi chumbani.

Mama alianza kuomba radhi. Baba akamkatiza.

"Nikifa nizikeni hapa hapa," alisema. "Mkinipeleka kule, mtawaonyesha njia."