Mashine Kuukuu ya Orofa ya Tisa

Mimi ndiye niliyeizima mashine ile, na sina wa kumlaumu. Nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya kusafirisha mizigo, orofa ya tisa, jengo la Tianxiu, mtaa wa Xiaobei. Mwenye ofisi, mama mmoja wa Lubumbashi, alikuwa amenunua mtambo mpya wa kubeba kompyuta kadhaa ndani ya mwili mmoja. Mashine ya zamani ilishazidiwa.

Rekodi za karibuni nikazihamishia kwenye mtambo mpya. Za zamani nikaziacha kwenye diski za akiba, pamoja na daftari la alama ambazo kila mteja hupaka kwenye marobota yake yasichanganyike na ya wenzake. Mchina aliyetufungia mtambo alinionya: "Fungua kwanza nakala moja ya zamani. Usipojaribu, siku ukizitaka, meiyou." Nilicheka, maana hilo "hakuna" ndilo neno ambalo wenye maduka hutufukuzia. Kwa ujuaji wangu nikahesabu mafaili, nikaona yametimia, basi. Moyo ulisita kidogo nikaupuuza.

Sisi wa Xiaobei hatusafirishi kontena lenye pengo. Hata ndoo tupu itapata safari. "Tia ile machine mu conteneur," mama akaniambia. "Kuko nafasi kule nyuma."

"Ndiyo, maman." Nikaizungushia blanketi, nikawakabidhi wapakiaji. Siku hiyo yalipakiwa makontena matatu, na sikuuliza inaingia lipi.

Majuma sita baadaye ikaja simu kutoka Mombasa. Alikuwa mume wa mteja wetu, dada aliyekuwa akija kununua mikoba soko la Shiling na kila safari akiniletea halua.

"Ndugu yangu, mke wangu wamemshika. Kontena lina jina lake, na kwenye robota moja wamekuta bastola."

Akanisomea namba ya kontena, nikaiandika kiganjani. Robota halikuwa la mkewe, wala halikuwamo kwenye orodha yetu. Kuna mtu alilipenyeza wakati wa kupakia. Lilikuwa na alama ya mwezi mwekundu. Kontena limepigwa lakiri, akasema, hakitoki kitu humo mpaka ajulikane mwenye alama.

Kwenye mtambo mpya alama hiyo haikuwepo. Nikachomeka diski ya zamani. Mafaili yote yalikuwepo, na halikufunguka hata moja. Kila nilipobofya niliulizwa ufunguo wa siri, na ufunguo wenyewe ulihifadhiwa ndani ya mashine kuukuu, si penginepo.

"Subiri kidogo, kaka," nikamwambia, nikaiweka simu mezani. Nikamuuliza mama mashine ile iliingia kontena lipi. Akapekua karatasi zake bila haraka, akaweka kidole kwenye namba.

Nikafumbua kiganja. Ilikuwa ileile.

Sauti ya mume ilitoka mezani. "Ndugu yangu, umempata?"