Vioo Havikugeuzwa

Mama Vioo alipopofuka jicho la kushoto, shemeji yake alimpa pole na mapumziko mafupi. Pole! Mtu kakuchoma jicho, halafu anakupa pole.

Kazi yao ni kuosha vioo. Uwanja mzima umejaa vioo vikubwa kama milango, vyote vinalirusha jua juu ya mnara mmoja. Maji yanachemka humo, mvuke unazungusha mashine, watu mjini wanawasha feni zao. Utaratibu ni mmoja tu: mwoshaji haingii mstarini mpaka vioo vigeuzwe, vilipe jua mgongo. Lakini shemeji, mdogo wa mumewe, ndiye msimamizi wa zamu, na alishaacha kuvigeuza.

"Tukigeuza umeme unashuka, halafu nasemwa mimi. Nyie vaeni miwani, msivitazame."

Unaoshaje kioo bila kukitazama? Hebu niambie!

Daktari alisema jicho la kulia nalo limeguswa, likipigwa tena ndiyo basi. Mama Vioo akamweleza shemeji. Jamaa akacheka: "Shemeji nawe, kwa kujidekeza!" Mama Vioo akameza hasira, akarudi kwenye ndoo yake.

Leo aliingia mstarini na wifi yake, dada wa huyo huyo msimamizi, mwanamke wa maneno mengi.

"Wifi, juu naosha mimi. Wewe baki chini na hilo jicho lako la akiba," akamtania, akapanda ngazi.

Vioo vya mstari wa nyuma vikajisogeza kidogo kufuata jua, kama kawaida yao. Wifi akageuka kuchukua brashi, mwanga wote ukamjaa usoni. Akapiga yowe, akaanguka.

Msimamizi aliijua sauti ya dada yake. Akaja mbio, redio mdomoni: "Geuza! Geuza vyote!" Uwanja mzima ukageuka kabla hata hajafika.

Mama Vioo alikuwa amepiga magoti, amempakata wifi. Kumbe inawezekana! Muda wote ule, kumbe lilikuwa neno moja tu redioni!

"Shemeji," msimamizi akanong'ona, jasho likimtiririka, "ofisini tuseme alivua miwani. Nakuomba. Sisi ni familia."

"Na mimi nilikuwa nani?"

Wifi akaondoa viganja usoni, akageuza kichwa huku na huku.

"Kaka, mbona giza? Limeingia wingu?"

Juu hapakuwa na wingu hata la dawa.

"Mjibu," Mama Vioo akasema. "Mjibu dada yako."